Wenyeji Wetu Wacherokee

Hotuba hii niliitoa mwezi wa Novemba mbele ya mkusanyiko wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa Tulsa, Oklahoma. Waliokosa kufika wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu wa Kigoma na Uvira, wa Bujumbura na Mombasa, wa Bukavu na Unguja, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu nyote.

Naanza na swali. Mkiendesha gari hapa mjini, mmeziona zile namba za magari zisizo za jimbo la Oklahoma? Zina maandishi ambayo kwa mbali unadhani ni herufi za kawaida, ukisogea huambulii kitu. Mmeziona? Naona vichwa vinaitikia. Hizo ni namba za Taifa la Cherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Wanaozitoa ni serikali kamili: ina chifu mkuu anayechaguliwa kwa kura, ina baraza lake la kutunga sheria, mahakama zake, polisi wake, na raia zaidi ya 450,000. Katika mapato ya namba hizo asilimia 38 hupelekwa kwenye shule za umma. Na shule hizo wanasoma watoto wa nani? Wa Wacherokee, ndiyo. Wa Wazungu, ndiyo. Wa Wamexico, ndiyo. Na wetu sisi tuliokuja juzi na mabegi yetu.

Sehemu ya mji huu imo ndani ya mipaka ya Taifa la Cherokee. Ndugu zangu, sisi ni wageni wa watu. Na mgeni anayekaa miaka kwenye nyumba ya watu bila kumjua mwenyeji wake, kwetu tungemsema vibaya.

Tulikotoka, Cherokee tuliijua kama gari. Jeep ya wakubwa, ya wafanyakazi wa mashirika. Mwaka 2021 Chifu Mkuu wao, Chuck Hoskin Jr., alisema waziwazi kwamba umefika wakati kampuni iliondoe jina la taifa lake kwenye magari. Wengine tuliwajua kwenye sinema, wanaume wenye manyoya kichwani juu ya farasi, na tukafundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo tuliache hapo lilipo.

Kila Novemba Wamarekani wanazungumzia “mchango” wa wenyeji wa asili. Mimi neno hilo hunikera kidogo, kwa sababu linaifanya Marekani ionekane kama karamu ya Wazungu, na Wacherokee wakawa waalikwa waliokuja na sahani ya mahindi. Haikuwa hivyo. Wacherokee hawakukaa chini wakajiuliza wataichangia Marekani nini. Walikuwa wanatafuta namna ya kubaki taifa wakati Marekani inawala kuanzia pembeni. Waliyojitengenezea katika mapambano hayo, Marekani inayatumia hadi leo. Hilo ndilo neno langu kwenu leo.

Nianze na maandishi, na hapa nitakaa kidogo. Mnivumilie.

Alikuwepo mtu akiitwa Sequoyah, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Tennessee, mfua fedha, mwenye mguu mbovu. Alipigana vita upande wa Marekani mwaka 1814. Kiingereza hakukisoma hata siku moja. Lakini aliwaona Wazungu wakitazama karatasi, na karatasi ikawapa habari za mtu aliye mbali. Wenzake wakasema ni uganga wa Wazungu. Yeye akasema: ni ufundi tu, na ufundi hujifunzwa.

Akaanza kwa kutafuta alama moja kwa kila neno. Mnafikiri alifika wapi? Alama zikawa nyingi kuliko kichwa cha binadamu. Majirani wakamwona amerukwa na akili, kazi zake za shamba zimelala, anachora chora kutwa. Inasimuliwa kwamba mkewe alichoma michoro yake yote motoni. Akaanza upya. Safari hii akasikiliza sauti zenyewe za lugha yake, akagundua kwamba maneno yote yamejengwa kwa silabi chache zinazorudiarudia. Akazipa kila moja alama yake. Kazi ilipokamilika, kwenye mwaka 1821, alikuwa na alama 86, ambazo baadaye zikabaki 85.

Sisi wenye Kiswahili tunaweza kumwelewa Sequoyah haraka kuliko Mwingereza. Lugha yetu nayo hutembea kwa silabi zinazoishia kwenye irabu: ka-la-mu, ma-ha-ka-ma, se-ri-ka-li. Kicherokee kwa sehemu kubwa ndivyo kilivyo. Ndiyo maana Mcherokee aliyezishika zile alama alikuwa, kwa kweli, ameshajua kusoma. Alama nyingine aliziiga umbo kutoka kwenye vitabu vya Kiingereza asivyoweza kuvisoma, akazipa sauti zake mwenyewe: inayofanana na D inasomwa “a”, inayofanana na R inasomwa “e”, inayofanana na H inasomwa “mi”. Sasa mnajua kwa nini zile namba za magari zinawashinda.

Wazee wa taifa hawakumwamini. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake mdogo, Ayoka. Wakatenganishwa, baba huku, mtoto kule. Wakubwa wakamtamkia Sequoyah maneno, akayaandika, karatasi ikapelekwa kwa mtoto. Mtoto akasoma. Wakabadilisha, mtoto aandike, baba asome. Baba akasoma. Basi, kesi ikaisha.

Mwaka 1825 taifa likayapokea maandishi hayo rasmi. Hakukuwa na shule zilizojengwa kwa ajili yake wala walimu waliolipwa mishahara. Watu walifundishana majumbani na njiani, na katika miaka michache Wacherokee wanaojua kusoma lugha yao wakawapita kwa uwiano majirani zao Wazungu wanaojua kusoma ya kwao. Nirudie, kwa ajili ya wale waliokuwa wanatazama simu: watu walioitwa washenzi walikuwa wasomaji kuliko waliowaita hivyo.

Tarehe 21 Februari 1828, katika mji wao mkuu wa New Echota, Georgia, likatoka gazeti la Cherokee Phoenix, gazeti la kwanza la wenyeji wa asili wa Marekani, likiwa na safu za Kicherokee na safu za Kiingereza. Mhariri wake, Elias Boudinot, alikuwa Mcherokee. Miaka saba baadaye askari wa Georgia waliichukua mashine ya kupigia chapa kwa nguvu. Nao walijua walichokuwa wanakifanya: mtu mwenye gazeti humwambii uongo mbele ya dunia bila kujibiwa. Leo gazeti la jina hilohilo linatoka Tahlequah, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa tulipo.

Mambo haya yalivuka hata bahari. Katika miaka ya 1830, kule Liberia, Momolu Duwalu Bukele alitunga maandishi ya silabi ya lugha ya Kivai. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba habari za Sequoyah zilimfikia kupitia watu waliotoka Marekani kwenda Liberia. Wengine wanabisha. Mimi nawaachia wao. Lakini sisi, ambao Kiswahili chetu tulikiandika karne nyingi kwa herufi za Kiarabu na halafu kwa za Kizungu, tukae kimya kidogo mbele ya hao wawili.

Na msidhani haya ni ya makumbusho. Taifa la Cherokee lilikwenda lenyewe kubisha hodi kwa Apple, likabisha na kubisha, mpaka mwaka 2010 simu za iPhone zikatoka na maandishi ya Sequoyah ndani yake. Mwaka 2012 yakaingia kwenye Windows na kwenye Gmail. Jamii nyingine zenye lugha ndogo hapa Marekani zimewatazama Wacherokee na kujifunza kwamba makampuni hayo yanaweza kuendewa na kuulizwa. Je, sisi wenye mamilioni ya wazungumzaji, tumewahi kwenda kumuuliza yeyote kwa nini simu inatubadilishia “habari yako” kuwa upuuzi?

Hapo mnacheka. Twende kwenye jambo lisilochekesha.

Nyumbani tunasema mnyonge hana haki. Wacherokee waliukataa msemo huo. Mwaka 1827 waliandika katiba yao, yenye baraza, mahakama na chifu mkuu. Muda si mrefu dhahabu ikaonekana kwenye milima yao, na Georgia ikatangaza kwamba sheria zake ndizo zitakazotawala ardhi yote ya Wacherokee. Walikuwa na njia gani? Kupigana? Wengine walikwisha kupigana na wakamalizwa. Wao wakaajiri wanasheria. Wakaishtaki Georgia kwenye Mahakama Kuu ya Marekani.

Kesi ya kwanza, mwaka 1831, walishindwa: mahakama ilisema wao si taifa la kigeni, kwa hiyo hawawezi kuja pale kwa mlango huo. Wakaja kwa mlango mwingine. Mmisionari mmoja, Samuel Worcester, rafiki yao na msaidizi wa lile gazeti, alikataa kuomba kibali cha Georgia ili akae kwenye ardhi ya Wacherokee. Georgia ikamkamata na kumhukumu kifungo cha miaka minne na kazi ngumu. Mwaka 1832 Jaji Mkuu John Marshall akatoa hukumu: Wacherokee ni jamii iliyo na mipaka yake na utawala wake, na sheria za Georgia hazina nguvu humo ndani.

Walishinda! Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki. Na baada ya kushinda ikawaje?

Rais Andrew Jackson hakuwa na nia ya kuilinda hukumu hiyo. Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee, Boudinot wa gazeti akiwemo, kilitia saini mkataba wa kuiuza nchi bila idhini ya taifa. Chifu Mkuu John Ross akapeleka malalamiko Washington yenye saini zaidi ya 15,000. Seneti ikaupitisha mkataba kwa ziada ya kura moja. Mwaka 1838 wanajeshi wakaingia nyumba kwa nyumba. Watu kama 16,000 wakahamishwa kutoka Georgia, Tennessee, Alabama na North Carolina hadi huku Oklahoma, wengi kwa miguu, katikati ya baridi. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Mke wa John Ross, Quatie, alikuwa miongoni mwao. Wanaiita Njia ya Machozi. Humu ukumbini wapo waliotembea kutoka Kivu hadi mpakani na watoto mgongoni. Hawa hawahitaji mimi niwaeleze.

Mbona basi ninaiita kesi hiyo ushindi? Kwa sababu hukumu ya 1832 haikufa na waliokufa. Ilibaki kwenye vitabu. Leo kuna makabila zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, na yanapotetea haki ya kujitawala, kutoza kodi zao, kuendesha mahakama zao, wanasheria wao hurudi kwenye kesi ya Worcester. Sheria ya Marekani inayohusu mataifa ya wenyeji imesimama kwa sehemu kubwa juu ya kesi za Wacherokee. Waliolipia wakafa njiani, na wanaoitumia leo wako Arizona, Alaska na Dakota. Hata ule mkataba mbaya wa 1835 Wacherokee wameugeuza. Kifungu chake cha saba kinawaahidi mjumbe katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2019 Chifu Hoskin alimteua Kimberly Teehee kwenda kuidai nafasi hiyo. Bunge halijampa kiti. Wanaendelea kudai.

Sasa ndugu zangu, sitakuwa mkweli nikiwapamba Wacherokee hadi mwisho. Sisi ni watu weusi, tuko Oklahoma, na lipo jambo linalotuhusu.

Wacherokee matajiri walimiliki watumwa weusi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1835, kabla ya kuhamishwa, ilikuta watumwa karibu 1,600 ndani ya taifa. Kwenye Njia ya Machozi watumwa hao nao walitembea, tena wakipika, wakikata kuni na kubeba mizigo ya mabwana zao. Mwaka 1842, huku Webbers Falls, watumwa zaidi ya ishirini walitoroka usiku kuelekea Mexico. Wacherokee waliwafuata kwa silaha, wakawarudisha. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkataba wa 1866 ulitamka kwamba walioachwa huru na wazao wao wawe na haki zote za Wacherokee wa kuzaliwa. Taifa lilisaini. Halafu kwa zaidi ya karne moja likawa linawafungia mlango, linawafungulia, linawafungia tena.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni mama mmoja mhandisi, Marilyn Vann, mzao wa watumwa hao. Kesi zilichukua miaka na miaka. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba mkataba ni mkataba. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Wacherokee wenyewe iliamuru maneno “kwa damu”, yaliyotumika kuwabagua wazao hao, yaondolewe kwenye katiba yao, na mwaka huohuo Marilyn Vann akateuliwa katika tume ya mazingira ya taifa, mzao wa kwanza wa watumwa hao kushika wadhifa serikalini. Kwa hiyo ukikutana na mtu mweusi kama wewe hapa Tulsa akakwambia yeye ni Mcherokee, usimcheke. Inawezekana kabisa ana kitambulisho.

Ila kuna wengine ambao mnaweza kutabasamu. Huko kazini mtakutana na Mzungu atakayewaambia kwamba bibi yake mzaa bibi alikuwa binti mfalme wa Kicherokee. Wacherokee hawakuwa na wafalme, sembuse mabinti zao. Uraia wa Taifa la Cherokee unathibitishwa kwa kuonyesha babu au bibi aliyeandikwa kwenye orodha ya Dawes, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi za bibi hazitoshi.

Nije kwenye shule, maana naona akina mama wananitazama kwa macho ya kusema “na sisi je?”

Mwaka 1851, miaka kumi na miwili tu baada ya Njia ya Machozi, Wacherokee walifungua shule ya sekondari ya wasichana pale Park Hill, karibu na Tahlequah. Kwa fedha za nani? Za kwao. Nani aliwalazimisha? Hakuna. Walileta walimu kutoka Mount Holyoke, chuo cha wanawake kilichosifika sana Massachusetts. Wakati huo upande huu wa mto Mississippi shule ya kiwango hicho kwa wasichana ilikuwa adimu, hata kwa Wazungu. Jengo likaungua mwaka 1887, wakajenga lingine Tahlequah, kubwa zaidi, la matofali, likafunguliwa mwaka 1889. Jimbo la Oklahoma lilipozaliwa lililinunua, na leo ndilo jengo mama la Chuo Kikuu cha Northeastern State. Wapo vijana wetu wanaosoma hapo na hawajui wanaingia mlango wa nani.

Katika mlango huo aliingia msichana wa miaka 16 aitwaye Mary Golda Ross, mzao wa Chifu John Ross wa Njia ya Machozi. Alipenda hesabu. Alisimulia baadaye kwamba darasani alikaa upande mmoja peke yake, wavulana wote upande wa pili, na raha yake ilikuwa kuwashinda. Alipata shahada mwaka 1928, akafundisha shule za vijijini huku Oklahoma kwa miaka. Vita vya pili vilipopamba moto, mwaka 1942, kampuni ya ndege ya Lockheed kule California ikamwajiri. Ndege yao ya kivita, P-38, ilikuwa inatetemeka vibaya ikikaribia mwendo wa sauti. Mary aliwekwa kwenye kundi la kutafuta dawa yake.

Baada ya vita kampuni ikachagua wahandisi 40 kuanzisha idara yake ya siri. Mwanamke mhandisi alikuwa mmoja tu, yeye. Kazi nyingi alizofanya humo zilibaki siri ya serikali. Tunayojua ni kwamba alishiriki kwenye roketi ya Agena, na kwamba alikuwa miongoni mwa walioandika mwongozo wa NASA wa safari za kwenda Zuhura na Mirihi. Mzao wa mtu aliyefukuzwa Georgia na mabunduki, ndiye anayewapigia Wamarekani hesabu za njia ya kwenda Mirihi! Alipostaafu alizunguka kuwashawishi wasichana na vijana wa mataifa ya wenyeji wasome uhandisi. Alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 99.

Kwenye sarafu ya dola moja ya mwaka 2019 yumo Mary Golda Ross, anapiga hesabu. Ya mwaka 2017 yumo Sequoyah, anaandika. Na robo dola ya mwaka 2022 ina mtu wa tatu, mwanamke ninayetaka kumfikia, subirini kidogo.

Kabla yake nipite haraka kwenye burudani, maana saa inanitazama. Walioingia Oklahoma kwa ndege kupitia Oklahoma City, uwanja ule unaitwa Will Rogers. Will Rogers alikuwa Mcherokee, alizaliwa mwaka 1879 ndani ya Taifa la Cherokee, kaskazini ya hapa. Alianza kwa kuchezesha kamba za ng'ombe jukwaani, akaongeza maneno, maneno yakapendwa kuliko kamba. Mpaka miaka ya 1930 alikuwa anaandika magazetini, anasikika redioni, na ni miongoni mwa waigizaji waliolipwa zaidi Hollywood. Alizoea kusema kwamba wazee wake hawakuja na Mayflower, ile meli iliyowaleta walowezi wa Kiingereza, wao walikuwa ufukweni wakiipokea. Alikufa kwa ajali ya ndege Alaska mwaka 1935. Kila jimbo lina sanamu mbili kwenye jengo la Bunge Washington, na mbili za Oklahoma ni Sequoyah na Will Rogers. Wacherokee wote wawili. Hata ule mchezo wa muziki wenye jina la jimbo hili, uliotikisa Broadway mwaka 1943, ulitokana na tamthilia ya Lynn Riggs, Mcherokee wa huko Claremore. Wengi wanaouimba hawamjui. Na Wes Studi, aliyefika shule akijua Kicherokee peke yake, mwaka 2019 akawa mwigizaji wa kwanza kutoka mataifa ya wenyeji wa Marekani kupewa Oscar, ile ya heshima. Sisi tulimwona kwenye sinema nyingi tu, hatukujua ni jirani.

Haya. Wilma Mankiller.

Alizaliwa Tahlequah mwaka 1945, akakulia kwenye nyumba isiyo na umeme wala maji. Mwaka 1956 serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha wenyeji mijini, na familia yake ikapelekwa San Francisco. Wanaojua kushuka kwenye basi katika mji mkubwa usiojua hata kelele zake zinatoka wapi wanaelewa. Huko alijifunza siasa, hasa vijana wa mataifa ya wenyeji walipokikalia kisiwa cha Alcatraz kuanzia mwaka 1969. Miaka ya 1970 akarudi nyumbani na binti zake wawili, akapata kazi katika serikali ya taifa lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatumwa kijiji cha Bell. Wakazi wake wengi walizungumza Kicherokee, walikuwa maskini, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba. Wataalamu walikuwa na mawazo yao. Yeye akaenda na Charlie Soap, mwenzake anayeijua lugha vizuri, ambaye baadaye alikuwa mumewe, wakaitisha mkutano na kuuliza: ninyi mnataka nini? Wakajibu: maji. Basi, serikali ingeleta mabomba na mafundi wa kuelekeza, wanakijiji wangechimba. Wacherokee wana desturi ya kazi ya pamoja inayoitwa gadugi. Watanzania, kwetu ni msaragambo. Wa Kongo, ninyi mnaijua salongo, ingawa najua wengine hamna kumbukumbu nzuri nayo, kwa sababu ililetwa kwa amri. Ya Bell haikuwa ya amri. Watu wa nje walitabiri kwamba hawatajitokeza. Walijitokeza: wanaume, wanawake, wazee, wakachimba mitaro na kulaza bomba la maili 16, karibu kilomita 26. Maji yakatoka.

Kwa kazi hiyo Wilma akajulikana. Alipogombea unaibu chifu, mwaka 1983, walimkatia matairi ya gari na kumtishia kumuua, kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1985 akawa Chifu Mkuu, mwanamke wa kwanza katika Taifa la Cherokee, akaongoza hadi mwaka 1995. Aliulizwa mara nyingi siri yake, na jibu lake halikubadilika: watu maskini wana uwezo wa kutatua shida zao wenyewe, wakiaminiwa. Rais Clinton alimpa nishani ya juu kabisa ya kiraia mwaka 1998. Alifariki mwaka 2010. Kwenye ile robo dola, pembeni ya sura yake, jina la taifa lake limeandikwa kwa alama za Sequoyah. Nendeni nyumbani mkachungulie kwenye visahani vyenu vya chenji.

Mbegu ya Bell imezaa. Mwaka 2020 kilifunguliwa Tahlequah chuo cha udaktari, kwa ubia wa Oklahoma State University na Taifa la Cherokee, cha kwanza cha namna hiyo kwenye ardhi ya wenyeji wa Marekani. Madaktari wake wa kwanza wamehitimu mwaka 2024. Wanatibu nani? Oklahoma ya vijijini, ambako daktari ni wa kutafuta kwa tochi, awe Mcherokee au asiwe.

Lipo linalowauma, nalo ni lugha. Wazungumzaji waliolelewa na Kicherokee waliobaki hawafiki 2,000, wengi wazee. Chanjo ya corona ilipofika, waliwapanga wazungumzaji hao mstari wa mbele, pamoja na wahudumu wa afya. Kwao bibi anayejua lugha ni hazina ya taifa, achomwe sindano kwanza. Wana shule pale Tahlequah ambako watoto wadogo hufundishwa masomo yote kwa Kicherokee. Wana kituo kikubwa cha lugha kilichofunguliwa mwaka 2022, chenye jina la Durbin Feeling, aliyetunga kamusi yao ya 1975. Watu wazima wanalipwa wajifunze lugha kutwa kama kazi ya ajira. Vijana wanaojibu “yes” mama zao wakiwaita kwa Kiswahili, mnanisikia huko nyuma?

Ndugu zao waliobaki North Carolina, wale ambao mababu zao waliponea milimani wasihamishwe, nao wamefanya jambo juzi tu. Mlima mrefu kuliko yote kwenye hifadhi ya Great Smoky ulikuwa na jina la jenerali aliyepigania watetezi wa utumwa. Wanawake wawili wa huko wakaanza kampeni, na Septemba 2024 serikali ya Marekani ikaurudishia jina lake la Kicherokee, Kuwohi. Ramani zimebadilishwa. Ukitafuta kwenye simu yako sasa hivi, utalikuta.

Kwa wanaotaka kwenda kujionea: jengo la zamani la serikali yao, katikati ya Tahlequah, sasa ni makumbusho. Mahakama yao ya kale iko jirani. Na kila mwaka, mwishoni mwa juma la sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, wanasherehekea katiba yao ya 1839, na mtu yeyote anakaribishwa. Kuna gwaride, kuna ngoma, na chifu mkuu hulihutubia taifa hadharani. Tumezungumza na mwenyekiti tukodi basi mwakani. Orodha ya majina iko kwenye meza pale mlangoni, na malipo ya mafuta tutagawana.

Sasa maswali. Mama Zawadi amenyoosha mkono tangu nilipotaja watumwa, tuanze na yeye.